Nilimpandishia ndoo za maji, akanipa nyota mbili

BARUA

Bi Mshauri, assalaam aleikum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 52, mjane, naishi Mji Mkongwe, Unguja. Marehemu mume wangu aliniachia nyumba ya mawe na mama yake ndani, mavyaa wangu, ambaye alhamdulillahi yu hai na nguvu za kunigombeza anazo. Mwaka juzi kijana wangu wa miaka 24 alinishawishi tufungue vyumba viwili vya ghorofa ya tatu tupokee wageni kupitia mtandao. Tukalipia leseni, tukapaka chokaa, tukanunua vyandarua vipya, na ile samadari, kitanda cha kurithi, tukaipiga msasa hadi ikawaka.

Kwa mwaka huu mmoja wageni waliotupa nyota ni 18. Kumi na sita walitupa tano, wawili wakatupa nne. Wastani wetu ulikuwa 4.89. Mtandao tunaoutumia unatoa beji kwa mwenyeji mwenye 4.8 kwenda juu, nasi tulikuwa nayo. Kijana anasema beji ndiyo inayotupandisha juu mtu anapotafuta chumba. Mimi hayo ya kupanda na kushuka siyajui, lakini nakiri kwamba usiku kabla ya kulala nilikuwa naifungua simu niiangalie tu.

Februari, wiki ya tamasha la muziki la Sauti za Busara, mji ulipofurika na bei yetu ikapanda kutoka dola 45 hadi 65, alikuja mgeni mmoja kwa siku nne. Simtaji nchi yake, maana wenzake wa huko huko walishakaa kwangu tukaagana kwa machozi. Usiku wa pili, saa nane, alirudi kutoka Ngome Kongwe na watu wawili ambao hatukuandikishana. Waligonga lango mpaka madirisha ya jirani yakafunguka. Nikawapisha, nikanyamaza. Asubuhi nikampelekea chai ya viungo na mkate wa ufuta, nikamwambia taratibu kwamba nyumba hii ina mtu mzima na ina binti, kama atakuja na wenzake basi tuambiane. Akacheka, akaniomba radhi, nikajua yamekwisha.

Usiku wa tatu umeme ukakatika saa tano nzima. Pampu isipofanya kazi maji ya juu hayapandi, na tangi likaisha. Mimi na kijana tulipandisha ndoo sita, ngazi 38, nimezihesabu. Siku hiyo hiyo tumbo lilikuwa linamsumbua, nikamchemshia tangawizi.

Aliondoka akitabasamu. Jioni ile ile nikampa nyota tano, kwa haya tu. Nilimwandikia “mgeni mzuri, karibu tena”. Kesho yake akanitumia ujumbe wa WhatsApp: nikimrudishia nusu, dola 130, ataandika vizuri, nisipomrudishia ataandika ukweli. Sikujua nijibu nini, sikujibu. Baada ya siku tano maoni yakatoka. Nyota mbili. Kaandika hivi: “Picha hazilingani na ukweli. Hakuna maji, hakuna umeme. Msikiti uko dirishani. Mwenye nyumba anakuchunguza unapoingia na unapotoka.”

Bi Mshauri, ya umeme namsamehe. Adhana si yangu, ni ya Mwenyezi Mungu. Picha ya juu darini inayoonyesha bahari ni ya kweli kabisa, tuliipiga wenyewe kabla jirani hajaweka matangi yake. Lakini hilo la kuchunguza limenikaa hapa kooni. Mimi nilikuwa nashinda jikoni! Anayekaa ukumbini chini ni mavyaa na tasbihi yake, na yeye hamchunguzi mtu, humuuliza kila anayepita ametoka wapi na kama amekula.

Kijana aliwaandikia wenye mtandao kwamba mgeni ni mwongo. Wakajibu kwa adabu kuwa maoni hayo hayavunji kanuni zao, yatabaki. Wastani umeshuka hadi 4.74 na ukaguzi wa beji ni Aprili mosi. Mgeni naye kanitumia ujumbe tena juzi: “Bado tunaweza kulimaliza.”

Sasa nyumba imegawanyika. Kijana ana mpango wake: jamaa zetu wa Muscat wakodi chumba kwenye mtandao, wasije, watupe tano tano, pesa tuwarudishie pembeni. Dada yangu anasema nimlipe huyo mtu dola zake nilale usingizi. Mimi roho inataka niandike hadharani kila kitu, wale wawili wa saa nane usiku wakiwemo, dunia imjue. Na mavyaa anasema tufunge, tumpangishe yule mwalimu wa skuli anayekitaka chumba kwa laki mbili na nusu kwa mwezi, mtu anayejulikana kwao.

Tangu hapo kila mgeni anayeingia namtazama mkono wake wa simu. Nishauri.

Mwenyeji Aliyechoka, Mji Mkongwe

JIBU

Waaleikum salaam, mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, nikajikuta nimepigia mstari ngazi 38. Mtu hahesabu ngazi za nyumba yake ila siku zilipomuumiza. Pole. Na pole hiyo naitoa kabla ya neno lingine lolote, kwa sababu mengine nitakayosema huenda yakakuchoma kidogo.

Nikikuelewa vizuri, unaniuliza ufanye nini na nyota mbili. Ila barua inapofika kwenye lile neno la kuchunguza, mwandiko wenyewe unabadilika. Umeme umeusamehe, bahari umeieleza, adhana umeirudisha kwa Mwenyewe. Hilo moja ndilo ulilobaki nalo. Nadhani ni kwa sababu mengine yanakugusa kama mwenye chumba cha kukodisha, na hili linakugusa kama mtu uliyelelewa ukaambiwa mgeni ni baraka. Wewe ulimpokea mgeni. Yeye alinunua siku nne kwa dola 260. Mliishi nyumba moja mkiwa katika mambo mawili tofauti, na mtandao ukaja na nyota zake ukapima la kwake tu. Hata ile methali yetu ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu hukuweza kuitumia: siku ya tatu wewe ndiye uliyekuwa unabeba ndoo.

Basi hebu tukae na hilo neno kwanza. Umeandika mwenyewe, bila kujua umeandika, kwamba ukumbini yupo mtu anayemuuliza kila apitaye ametoka wapi na kama amekula. Mimi na wewe tukiulizwa hivyo na mama mtu mzima tunasikia kukaribishwa. Asipotuuliza ndipo tunapojiuliza tumekosa nini. Sasa mchukue mtu aliyekulia kwenye jengo la fleti ambako jirani wa mlango wa pili hamjui jina miaka kumi. Anashuka ngazi asubuhi, anaulizwa kwa ishara anakwenda wapi. Anarudi, anaulizwa ametoka wapi. Siku ya kwanza anaona ni utamaduni. Baada ya kile kisa cha saa nane usiku, swali lile lile linaanza kusikika kama la polisi. Sisemi alikuwa na haki ya kukuandika hivyo. Nasema inawezekana hakudanganya. Alikiona alichokiona, akakipa jina la kwao.

Wala simtaki mavyaa wako ahame ukumbini! Nyumba isiyo na mtu wa kukuuliza kama umekula, mimi nisingelala humo. Lakini anayekuja angeweza kujua mapema. Kwenye maelezo yenu mmeandika kwamba ni nyumba ya familia ya vizazi vitatu, na kwamba bibi wa nyumba hukaa chini na hupenda kusalimiana? Mmeandika kwamba kabla hakujapambazuka adhana itasikika, na kwamba si ya mbali? Wapo watakaosoma hayo wakapita. Na wapo watakaochagua kwenu kwa sababu ya hayo. Faida yake ni kwamba yule wa kupita anapita kabla ya kufika, akiwa bado hana kalamu ya kukupimia. Hasara yake ni wageni wachache, na hiyo wewe ndiye unayejua kama unaweza kuimudu mwezi wa masika.

Kuhusu picha sitakuzungusha. Picha iliyopigwa kabla ya matangi ni picha ya zamani. Ilikuwa kweli, sasa si kweli. Mtu aliyelipa akitarajia kunywa chai akitazama majahazi, kisha akakuta matangi meusi ya jirani, ana neno la kusema, hata kama neno hilo angeweza kukuambia uso kwa uso. Hapo tu mgeni wako amenishinda.

Umeme ni habari nyingine. Sisi tuliolala giza kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima bila umeme kwa miezi mitatu, tukikatikiwa saa tano tunasema leo umewahi kurudi. Mgeni hana kumbukumbu hiyo. Kwake saa tano ni msiba. Tatizo lako hasa naliona kwenye pampu, si kwenye taa. Mtu atavumilia mshumaa, hatavumilia choo kisicho na maji na tumbo linamkata. Fundi anaweza kukuambia kama paa lenu linabeba tangi la pili, nyumba hizi za mawe na boriti zake si za kubebeshwa ovyo.

Sasa nije kwenye jambo nililolifikiria kuliko yote, na hukuniuliza. Umelia kwamba umepimwa vibaya. Lakini wewe naye ulimpima vipi? Ulimpa tano. Mtu aliyeleta watu wawili wasioandikishwa saa nane usiku, katika nyumba yenye binti, umemwandikia “mgeni mzuri, karibu tena”. Kuna mwenyeji mwingine mahali fulani, huenda naye mjane, amesoma maneno yako na kumfungulia lango. Nyota zako nazo hazikuwa za haki, mdogo wangu, ila zimekosea upande wa ukarimu ndiyo maana hazikukusuta.

Najua utaniambia ulitaka kumsitiri. Kusitiri ni jambo kubwa na sitaki kukuondoa huko. Lakini kumsitiri mtu na kumsifia naona ni mambo mawili. Ungeweza kunyamaza kabisa, hakuna anayekulazimisha kuandika. Ungeweza kumpa nyota chache kwenye kufuata kanuni za nyumba na kuandika tu: tulikubaliana mtu mmoja, haikuwa hivyo. Hapo hakuna fedheha, na hakuna uongo. Nakuambia si kwa ajili yake, lake limepita. Ni kwa ajili ya atakayekuja, siku utakapokaa na simu mkononi na haya ikaanza kukuandikia.

Hili linanipeleka kwenye lile unalolitamani, kumwanika. Nafasi ya kujibu hadharani unayo, na muda wake si mwingi, mitandao hii huweka mwisho wa siku. Ila jiulize nani atasoma. Yeye ameshaondoka. Anayesoma ni mtu aliyelala kitandani kwake mbali huko, anachagua chumba, anajaribu kubahatisha wewe ni mtu wa namna gani. Akikuta umetaja nani aliingia na nani saa ngapi, atamwamini mgeni wako kuhusu lile la kuchunguza, kwa ushahidi uliomletea mwenyewe. Jibu fupi lina nguvu yake: umeme ulikatika kweli, maji ya juu yakaisha, tukapandisha kwa ndoo, picha tumebadilisha. Mradi uwe umeibadilisha kweli. Na kunyamaza nako si kushindwa, wapo wanaosoma nyota mbili moja katikati ya tano kumi na sita wakajisemea huyu alikuwa na lake.

Dola 130 sitakuamulia. Dada yako anakutafutia usingizi, na usingizi una thamani. Ninachokiona ni kwamba huyo mtu aliweka bei kwenye maneno yake kabla hajayaandika. Ukilipa leo, mkononi unabaki na nini? Ahadi ya mtu uliyekwisha kumjua. Na kama ataongeza? Lakini hapa kuna mlango ambao sioni kama mmeugonga. Kijana aliwaandikia wenye mtandao kwamba mgeni ni mwongo. Mwongo ni neno la kugombania, kila mwenyeji aliyekasirika hulileta. Je, aliwatumia ule ujumbe wa kudai pesa kabla ya kutoa maoni? Mitandao mikubwa ya aina hii ina kanuni inayokataza kutumia maoni kumkamua mtu, na hilo ni shtaka tofauti kabisa na uongo. Udhaifu wenu ni kwamba mazungumzo yalikuwa WhatsApp, na wao huamini zaidi yaliyopita kwenye njia yao. Yapeleke hata hivyo, yote mawili, na tarehe zake. Wanaweza kukataa tena. Nawe ujiandae kwa hilo kabla hujatuma, usikae unaifungua simu kila baada ya dakika tano.

Mpango wa Muscat nitaupitia haraka. Namwelewa kijana, anapigania nyumba ya baba yake. Lakini akaunti ikigundulika inafungwa, na hapo unapoteza na zile tano kumi na sita za halali, ulizozifanyia kazi. Tena jamaa watasema “chumba kizuri mno, tulifurahi” bila kuijua hata ngazi ya kwanza, na wewe utazisoma usiku kabla ya kulala. Zitakupa raha ile ile?

Nimepiga hesabu kidogo, maana namba zikikaa gizani hukua. Nyota za wageni wako 18 zilikuwa 88 kwa jumla. Mbili za huyu zikafanya 90 kwa watu 19, ndiyo 4.74. Wageni sita mfululizo wakikupa tano, inakuwa 120 kwa watu 25, ambayo ni 4.8 kamili. Sita. Hadi Aprili mosi hutawapata wote, huenda hata nusu yao hutawapata, masika yakianza mji unalala. Basi beji huenda ikakutoka. Lakini inakaguliwa tena kila miezi mitatu, na ikifika Juni, kusi likivuma, wageni hurudi. Na zile nne mbili usizichukie. Wengi wanaotoa nne wanadhani wamekusifu, kwa kuwa skuli walizosoma nne katika tano ilikuwa ya kujivunia, na hoteli ya nyota nne kwao ni ya kifahari. Hakuna aliyewaambia kwamba huku nne ni kama karipio.

Yabaki maneno ya mavyaa. Mwalimu wa skuli ataleta laki mbili na nusu bila kukupa nyota hata moja, na kuna mtu ambaye hiyo kwake ni nafuu. Utapata kidogo, utalala zaidi, na binti yako atazoea sura moja ngazini. Lakini umeniambia uliagana na wageni kwa machozi. Mwalimu hamtaagana, atakuwepo. Je, ni kupokea wageni kumekuchosha, au ni kupimwa? Mbona usimpe mwalimu chumba kimoja kwa miezi ya masika, ukaona moyo unasemaje chumba cha pili kikibaki cha wageni? Huenda pia jibu likawa kufunga vyote. Hakuna aibu, mwaka juzi hukuwa na hata kimoja na nyumba ilisimama.

Uliponiandikia kwamba sasa kila mgeni unamtazama mkono wa simu, nilisimama hapo kidogo. Yule mtu alikuandika kwamba unachunguza wakati huchunguzi. Ningependa ujue siku utakayoanza kuchunguza kweli, maana hiyo itakuwa dalili ya kupumzika kabla ya kuamua lolote, Muscat, mwalimu au dola 130.

Uniandikie masika yakipita. Na mavyaa mpe salamu zangu. Akikuuliza kama nimekula, mwambie nimekula.